Watani Juu ya Bwawa la Hombolo

Miguu ya Stara ilikuwa hewani, na hewa yenyewe ilikuwa ya Hombolo, ya moto na yenye vumbi.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana liliwafikia likiwa limeshafungiwa maandazi, tuwakumbushe upesi. Stara ni mkaguzi wa usalama wa ndege, ana ofisi ndogo mjini Dodoma. Asubuhi aliletewa habari kwamba baba yake, Mzee Shaban, muuza vipuri vya baiskeli, amefunga duka na kwenda bwawani kupanda helikopta ya Elieza, ile inayowapandisha watu juu, ikawaporomosha, ikawapandisha tena, wakashuka wakiwa wamekauka koo kwa kupiga kelele. Stara alifika mbio. Akamkuta baba yake ameshakaa kiti cha kushoto, upande ulioondolewa mlango ili watu waone vizuri, na mkanda wa kiti hicho unaning'inia nje. Akarukia ndani aufunge. Rubani Silvano, mtu asiye na tabia ya kutazama nyuma, akanyanyua chombo.

Hapo ndipo tulipomwacha, nusu ndani, nusu nje.

"Baba, nishike!"

"Nikikushika wewe, mimi nishikwe na nani?"

Lilikuwa swali la haki. Stara akajivuta kwa viwiko juu ya sakafu ya chuma, akaingiza goti moja, akaingiza la pili. Kiatu chake cha kulia kikabaki kuwa mali ya bwawa.

Akaudaka mkanda uliokuwa ukipepea, akaupitisha tumboni kwa baba yake, akachomeka ncha yake kwenye kile chuma cha kufungia kilicho pembeni ya kiti. Kikalia kaa! Stara alishusha pumzi. Halafu, kwa sababu mkaguzi ni mkaguzi hata akiwa na kiatu kimoja, akauvuta mkanda kuujaribu.

Kifungio chote kikang'oka na kubaki mkononi mwake.

"Nini hicho?" aliuliza Mzee Shaban.

"Hakuna kitu, baba!"

Stara hakuwa mtu wa kudanganya, na baba yake hakuwa na sababu ya kutomwamini. Akakisokomeza kile chuma mfukoni, akamkumbatia mzee kwa mikono yote miwili, akaikaza miguu yake kwenye kiti cha rubani. Msomaji, mkaguzi mwenyewe ndiye akawa mkanda.

"Mko tayari kwa mchovyo?" alipaza sauti Silvano.

Mchovyo ndio uliowatoa watu Nzuguni mpaka Hombolo. Helikopta ilipanda, ikalala ubavu, kisha ikashuka kwenye maji namna tonge linavyoshuka kwenye bakuli la mlenda. Jina hilo walilitoa wateja wenyewe.

"Hapana!" alipiga kelele Stara.

"Tayari!" alipiga kelele Mzee Shaban.

Silvano alimsikia mteja.

Helikopta ikalala kushoto. Stara aliona maji, akaona mashamba ya zabibu yakisimama wima, akaona watu wadogo wadogo wakiwapungia mikono kwa furaha. Uzito wa baba yake ukaanza kuondoka kitini na kuelekea nje. Aliogopa, aliogopa mpaka akasahau dua zote alizofundishwa madrasa, akawa anarudia neno moja tu, baba, baba, baba. Mikono ilimuuma. Kofia ya mzee ikatoka kichwani, ikazunguka mara moja mbele ya macho yao, ikaenda zake.

Na chini ya mikono yake, mbavuni mwa baba yake, Stara alisikia kitu kinatikisika. Mzee alikuwa anacheka.

Walipogusa ardhi, Mzee Shaban alishuka bila kusaidiwa, akajipapasa kichwa kisicho na kofia.

"Binti yangu," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi, "sijacheka hivi tangu mama yako alipotutoka. Na wewe ulivyonikumbatia! Ulikuwa hujanikumbatia hivyo tangu una meno ya utotoni."

Stara alifungua mdomo amwambie ukweli, akaukuta hautoki. Utamwambiaje mtu aliyecheka hivyo kwamba nusura afe? Mzee akaenda kwenye foleni kuwasimulia watu, na alianza na ile habari ya kukumbatiwa.

Silvano alizima mashine. Mapanga yalipopunguza mwendo, Stara alipitisha mkono begani kwa rubani, akachomoa ufunguo.

"Dada, huo ni wangu!"

"Hata kichwa ni chako, lakini hukitumii."

Akashuka. Mbele yake alisimama Elieza.

Elieza ni mtoto wa Hombolo, Mgogo wa pale pale bwawani, mwenye suti ya mtumba iliyomkaa vizuri kuliko ilivyomkaa mwenyewe wa kwanza. Zamani aliwaongoza vibarua wa kuwafukuza kwelea kwelea mashambani. Msimu wa kupulizia ndege hao dawa ulipokwisha, helikopta ya kupulizia ikakaa bure, na kwa kuwa siku hizi kila kitu ruksa, Elieza akaikodi awarushe watu. Ni kijana mchangamfu, hajaoa. Ninyi mnaotuandikia kila wiki mkitaka tumwozeshe Stara, vuteni subira, kwanza tuone nani atabaki mzima.

"Mpagazi wangu!" alisema Elieza. "Umepanda bila foleni na kwa kiatu kimoja?"

"Biashara hii naifunga leo, mla mlenda wee!"

Umati ukacheka. Na hapo ndipo penye mkosi wa hadithi hii.

Stara ni Mnyamwezi, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambazo babu zao walikuja wakiwa wapagazi wa misafara ya mizigo wakaona Dodoma panatosha. Elieza ni Mgogo. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na kwa watani hakuna tusi linalouma wala tishio linalotisha. Ukimwambia mtani wako kesho atakufa, atakuuliza kama utawahi kuja kukoroga uji wa msibani.

"Nasema kweli!" Stara aliwageukia watu. "Mkipanda kitu hiki mtakufa!"

"Na kaburi utachimba wewe, mtani!" ilijibu sauti kutoka kwenye foleni. Wakapiga makofi. Hata askari wa zamu, ambaye alikuwa ameshapanda na alikuwa anapanga kupanda tena, alishika tumbo kwa kicheko.

Stara akarudi kwa Elieza. "Kibali chako kinasema uzunguke bwawa taratibu, milango imefungwa, na kila abiria ana mkanda."

"Kila abiria," alisema Elieza, akiinua kidole. "Abiria ni nani? Si mtu anayetoka mahali kwenda mahali? Hawa wanatoka Hombolo wanashuka Hombolo. Hawajasafiri hao. Ni watazamaji, ila wamekaa juu."

Stara nusura acheke, na alijichukia kwa hilo. Uchungu wake ni kwamba jamaa hakuwa amekosea sana. Kanuni zile ziliandikwa wakati anayepanda ndege ni mtu mwenye safari. Hakuna aliyewaza kwamba wananchi, wakishafunguliwa milango ya biashara, watajipanga juani kwa hiari yao ili waogopeshwe. Stara alikuwa ameshawauliza wakubwa wake Dar es Salaam. Walimjibu kwamba suala ni zuri na wanalitafakari.

"Basi tuache kanuni," alisema. Akatoa kile chuma mfukoni. "Hiki ni cha kufungia mkanda. Kimeng'oka kwenye kiti cha kushoto, tukiwa juu."

Elieza alikitazama akiwa ameinamisha kichwa upande. "Mpagazi, hicho umekitoa dukani kwa mzee wako. Nilinunua cha hivyo hivyo kwa baiskeli ya mjomba."

"Kikakatika pia!" alidakia mtu, na kicheko kikapanda upya.

Lo! Stara aliwatazama wote wale, watu wazima, wengine na nguo zao za kanisani, na akahisi hasira ikimpanda. Kama angekuwa mgeni kutoka Moshi wangemsikiliza. Kama angekuwa Mzungu wangemsikiliza na kumpa kiti. Alikuwa mtani, na mtani akipiga kelele za moto watu wanauliza kama ameleta mahindi ya kuchoma.

Ndipo akapata wazo. Kama walitaka utani, angewapa utani wenyewe.

Akainua ufunguo juu ya kichwa chake. "Nimekamata!"

Vigelegele vikapasuka. Huo nao ni mtindo wa watani. Mtani akikamata kitu chako huruhusiwi kukasirika wala kumnyang'anya, mpaka ukikomboe kwa kitu kinacholingana. Elieza akashika kichwa kama mtu aliyefiwa, akijua anavyotazamwa. Silvano akakaa kwenye kivuli cha helikopta yake, akatoa karanga mfukoni. Yeye ni Mhehe, mtani wa Wagogo vile vile, na mambo haya hayakuhitaji kuelezwa kwake.

Stara alitulia. Bila ufunguo chombo hakiruki. Angekaa nao mpaka jioni, watu wangechoka na jua, wangeondoka wakiwa wazima, na kesho angeendelea na vita vyake ofisini akiwa na viatu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijiona mjanja.

Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa mtu kumenya karanga.

"Mbukwenyi!"

Umati ulipasuka katikati kuitikia salamu. Alikuja mama mmoja mfupi, mwenye kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani, anavuta mbuzi kwa kamba. Alikuwa Mama Raheli, mzazi wake Elieza. Mbuzi hakutaka kuja, lakini inaonekana nyumbani kwa Mama Raheli kutotaka hakujawahi kumsaidia mtu.

"Shikamoo, mama," alisema Stara.

"Marahaba, mpagazi mdogo. Mbuzi wako huyu. Mbebe, si ndiyo kazi yenu? Nipe ufunguo nipande."

"Mama, leo usipande."

"Nimengoja tangu wamepanda mashangingi ya mjini, wamepanda walevi, amepanda askari. Zamu yangu imefika, wewe unakamata." Mama Raheli alielekeza kidole ng'ambo ya bwawa. "Lile ni shamba langu la zabibu. Nimelipanda na marehemu baba yake huyu. Maisha yangu yote nimelitazama nikiwa nimeinama. Leo nataka nilitazame nikiwa juu yake, halafu basi, nife hata kesho."

"Siwezi kukupa, mama."

Sauti ya "eee!" ilipita kwenye umati, na haikuwa ya kucheka. Mtani kukataa mbuzi? Kukamata na kutokomboleka? Hilo hapo Hombolo halikuwahi kuonekana. Watu walianza kumtazama Stara kana kwamba ametema mate msibani.

Mzee Shaban alikuwa ameacha hadithi yake na kusogea. Aliona mbuzi, akaona ufunguo, akaona uso wa binti yake. Maneno ya kile chuma hakuwa ameyasikia.

"Stara," alisema taratibu. "Aliyekamata akipewa, anaachia. Babu zetu walipita nchi hii wakapewa maji na hawa hawa. Usinitie aibu mbele yao."

"Baba, hujui..."

"Najua watani wangu."

Akashika kamba ya mbuzi kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia. Mkono ule ndio uliomlea Stara peke yake, ukampikia, ukamsuka nywele vibaya, ukamsomesha kwa minyororo ya baiskeli. Hajawahi kuunyima kitu. Stara akauweka ufunguo juu yake, na papo hapo akajua kwamba amefanya kosa.

Lilibaki jambo moja. Mwenye biashara alikuwa Elieza, na neno lake moja lingetosha kumzuia rubani. Stara akamshika mkono wa suti, akamvuta mpaka nyuma ya mapipa ya mafuta, mbali na makelele.

"Mpagazi, polepole," Elieza alicheka. "Kama umekuja kunichumbia, mahari ni yule mbuzi, mrudishe kwanza."

"Elieza," alisema Stara.

Kicheko kikamkatikia Elieza mdomoni. Tangu wafahamiane alikuwa ameitwa mla mlenda, kwelea kwelea, mtumba na majina mengine ambayo mhariri wetu hatayapitisha. Jina lake hilo, alilobatizwa, hajawahi kulisikia likitoka kwa Stara.

"Elieza, sitanii. Nakuomba unisikilize kama mtu ambaye si mtani wako."

Akamwekea kile chuma kiganjani. Akamgeuzia upande wa chini, palipovunjika. Nusu ya mvunjiko ilikuwa na kutu ya zamani. Nusu nyingine ilikuwa inang'aa, imekatika leo. Na pembeni kulikuwa na rangi ya kijani, kijani kile kile cha helikopta. Hakuna baiskeli mkoa mzima iliyopakwa rangi ile.

Kisha akapandisha mikono ya gauni lake. Ngozi ya ndani ya mikono yote miwili ilikuwa imevilia damu.

"Nilimshikilia baba yangu kwa mikono hii," alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, hakujali. "Mkanda haukuwepo, Elieza. Mzee anadhani nilimkumbatia."

 Elieza alikuwa anapitisha kidole juu ya ile kutu, huku na huku.

"Silvano aliniambia amekitengeneza," alisema mwishowe.

"Ulikiangalia?"

"Mimi niangalie nini? Mkaguzi si wewe?"

"Na mimi nimekagua."

 Ile suti ikaonekana ghafla kuwa kubwa kwa Elieza. 

"Kweli nilidhani unatania," alisema. "Haki ya Mungu, Stara, nilidhani..." Naye alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Wakatazamana, na kwa kitambo kidogo, wapenzi wasomaji, pale nyuma ya mapipa palikuwa na jambo ambalo mmekuwa mkilidai tangu tuanze.

"Nafunga," alisema Elieza. "Sasa hivi. Hapandi mtu tena mpaka kiti kile..."

Hakumaliza. Mapipa yalianza kutetemeka. Juu ya makelele ya watu ilisikika sauti ya mashine, kwanza ya kukohoa, kisha ya kushika moto.

Silvano alikuwa amepewa ufunguo wake. Alikuwa amemwona mbuzi akipokelewa, tena na mzee mzima, mbele ya watu wote. Kwao Iringa na hapa Hombolo jambo hilo lina maana moja tu, kwamba shauri limekwisha na mkamataji ameridhika. Angengoja nini tena?

Walitoka nyuma ya mapipa wakikimbia, Stara na kiatu chake kimoja, Elieza na suti yake. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Katikati ya vumbi hilo alisimama Mzee Shaban, ameshika kamba ya mbuzi, anatabasamu.

"Baba! Nani yumo ndani?"

"Nani tena? Mwenye mbuzi."

"Amekaa wapi?" Elieza aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima.

"Kiti changu kile kile nimemwachia," alisema Mzee Shaban, anajivunia adabu yake. "Cha kushoto. Nimemwambia shamba lake ataliona vizuri kutoka pale. Kwani kile kiti kina nini?"

Vumbi likapasuka, na helikopta ikaonekana juu yao, imeshavuka ukingo wa bwawa. Mama Raheli alikuwa amekaa kwenye uwazi usio na mlango, kitenge chake kipya kinapigwa na upepo, mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti.

"Mama!" Elieza alipiga kelele akikimbilia majini. "Shikilia! Mama, shikilia!"

Kule juu hakuna kilichosikika. Mama Raheli alimwona mwanawe amepanua mdomo na kuinua mikono, akadhani anashangiliwa. Akacheka, akaachia ukingo wa kiti, akampungia kwa mikono yote miwili.

Na Silvano, bila kutazama nyuma, akaanza kukilaza chombo kushoto.